Jina Langu Chini ya Puti

Nianze kwa kukiri kwamba nina haya. Wenzangu wakisimulia aibu zao huanza kwa kucheka, na mimi nimejaribu hivyo mara nyingi, nimejaribu hata peke yangu mbele ya kioo cha gari la mteja, lakini kicheko kikifika kooni kinageuka kinakuwa kitu kingine. Kwa hiyo nitawaeleza hivi hivi, na atakayecheka acheke, maana kuna mahali hata mimi najua panachekesha.

Mimi ni Masatu, kwetu Bukima, fundi rangi wa magari hapa Musoma. Na ninaposema fundi rangi msimfikirie yule anayeonekana ameshika bunduki ya rangi anapuliza huku watu wanamtazama. Hiyo ni dakika ishirini tu. Kazi yenyewe ni msasa: unakwangua rangi ya zamani na kutu mpaka bati lionekane jeupe, unaziba mabonde kwa puti (ule uji mzito unaokauka na kuwa mgumu kama kigae), unaisugua puti mpaka ilingane na bati, unapiga praima, ile rangi ya msingi, unasugua tena, ndipo rangi. Siku nne unasugua, dakika ishirini unapuliza, halafu mwenye gari anakuja anasifu rangi.

Aliyenifundisha ni fundi Magesa, mtu wa Butiama aliyekuwa akiishi Nyakato, na uwanja wa nyumba yake ndio ulikuwa gereji yetu. Nilikaa naye miaka kumi na moja. Msije mkamfanya malaika kwa sababu amekufa, jamani, yule mzee alikuwa na mdomo. Jumapili baada ya misa watu wanasalimiana, yeye anazunguka magari yaliyoegeshwa nje ya kanisa, anafumba macho, anapitisha kiganja juu ya milango ya watu, na akikuta bonde anaguna kwa sauti, "Aliyefanya hapa alikuwa na njaa." Na mwenye gari amesimama pale pale na mke wake! Mimi nilikuwa najifanya simjui.

Alikuwa na mambo mawili ambayo ukikosea moja anakufukuza siku hiyo hiyo. La kwanza, puti haikutani na maji. Praima unaweza kuisugua na maji, rangi unaweza, lakini puti na bati lililo wazi ni kavu kwa kavu, hata vumbi likuue, kwa sababu puti inakunywa maji, na bati lililolowa halishiki puti, na kutu inaanza kula chini huku wewe juu unachekelea rangi. La pili, kabla ya kupaka puti, unachukua msumari unaandika jina lako kwenye bati. Kila gari. Magari mengi ya mji huu yana majina yetu chini ya rangi na wenyewe hawajui. Alikuwa anasema, "Siku moja mtu atafungua. Ukijua jina lako liko chini, hutafanya ujinga juu."

Sasa yeye mwenyewe alikuwa na pikapu, na mganga hajigangi, ile pikapu ilikuwa aibu ya Nyakato nzima. Ubavu wa kulia wa bodi la nyuma uligongwa na lori la mchanga zamani sana, na kila mwaka alisema atautengeneza, na kila mwaka linakuja gari la mteja. Ilikuwa na viraka vya rangi ya kijivu, vya kahawia, na mahali pengine kutu tupu. Alipolazwa hospitali, ile wiki ya mwisho, nilimpelekea uji, akanishika mkono akaniambia, "Masatu, usiniache niende nyumbani Butiama na viraka." Nikamwambia, mzee utapona tutaipaka wote. Akaniangalia kama ninavyoangaliwa nikisema uongo. Nikamwambia, sawa, nitaipaka.

Alifariki Jumanne alfajiri. Mazishi yakapangwa Ijumaa.

Kwenye kikao cha msiba kuna ndugu alikuwa ameshatoa gari lake, zuri, jeupe, la kubebea jeneza. Mimi nikasimama (nani alinituma?) nikasema mbele ya wazee kwamba mzee alitaka kwenda na gari lake mwenyewe, na mpaka Alhamisi jioni litakuwa limepakwa. Kaka yake mkubwa, Mzee Wambura, ambaye macho yake hayaoni vizuri, akauliza, "Huyu anayesema ni nani?" Wakamwambia ni Masatu, mwanafunzi wa Magesa. Akasema, "Basi limekwisha." Gari jeupe likakataliwa kwa sababu yangu.

Jumanne hiyo hiyo mchana nikaanza kusugua. Shida ni kwamba uwanja wa gereji ndio huo huo uwanja wa msiba: turubai limefungwa, wazee wapo kwenye viti, akina mama wako na masufuria ya ugali na dagaa hatua kumi kutoka kwenye pikapu, na pikapu yenyewe imekaa juu ya mawe, matairi yamepelekwa kuzibwa, haisogei. Mimi na msasa wangu mkali nakwangua, na upepo wa ziwa wa mchana unaujua mwenyewe, unachukua vumbi lote unapeleka msibani. Vumbi la rangi, la kutu, la puti ya zamani. Akina mama wakaanza kufunika masufuria kwa khanga. Bibi mmoja akakohoa, akakohoa, mpaka akapigwa mgongo. Mzee mmoja akasema, "Fundi, ugali tulishakorogaga, unga mwingine wa nini?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

Nikamwangalia Mama Nyangeta, mke wa marehemu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, kitambaa cha kichwani kimekuwa cheupe kwa vumbi langu, ananiangalia tu. Ule mtazamo ulinichoma. Nikaona, huyu mama amefiwa leo na mimi namwagia uchafu kichwani.

Hapo ndipo nilipofanya kile kitu kidogo. Nilichukua ndoo ya maji, nikachovya msasa.

Nilijua, jamani. Sitaki mtu aseme Masatu hakujua. Nilijiambia, leo tu, nitapangusa vizuri, jua la huku ni kali litakausha. Na vumbi likaisha pale pale! Bibi akaacha kukohoa, mama mmoja akasema, "Afadhali, mwanangu, Mungu akubariki," na mimi nikajiona mtu mwenye adabu kuliko fundi yeyote wa Mara.

Bati likatoka jeupe. Nikalipangusa, nikalipepea na boksi, nikaligusa na kiganja, kavu. (Ile mikunjo ya bati iliyogongwa na lori, ambako maji yanaingia na kutulia, sikuigusa, kiganja hakiingii.) Nikachukua msumari. Kwa kawaida tulikuwa tunaandika jina tu, lakini siku ile nilikuwa na uchungu na nilitaka makubwa, nikaandika kwa herufi za kiganja kizima: KAZI YA MASATU. Nikakandamiza msumari kweli kweli. Chini yake nikaandika, MWANAFUNZI WA MAGESA. Nikalia kidogo, kisha nikapaka puti juu.

Jumatano puti ikakauka, nene, mahali pengine vidole viwili, na kwa kuwa watu walikuwa wameongezeka nikaisugua na maji vilevile. Ukishaanza unaendelea. Ikawa laini kama sabuni iliyotumika. Nikafumba macho nikapitisha kiganja kama mzee, sikukuta bonde hata moja. Alhamisi asubuhi praima, mchana rangi, kijani iliyoiva, nikaipiga mikono mitatu minene, tabaka juu ya tabaka, ili ing'ae. Wanaume wakainuka kwenye viti kuja kuangalia. Mtu akasema Magesa angeamka. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu (unyenyekevu wa jogoo).

Jioni akafika Marwa kutoka Bunda, fundi kama mimi, naye alifundishwa na Magesa kabla yangu. Akasalimia wafiwa, akalia, akanawa uso, halafu akaja kwenye pikapu. Akainama akaangalia ubavu kwa pembeni, muda mrefu. Watu wamesimama wanasubiri fundi aseme.

"Imenyooka," akasema. Halafu, "Puti ulipiga kavu?"

"Kavu kabisa," nikasema. Hata sikumeza mate.

"Hapa hapa uwanjani? Na watu hawa wote?"

"Walivumilia."

Marwa akanitazama, akatingisha kichwa kwa heshima, akasema, "Mzee angefurahi." Kama ningesema kweli pale, tungekwangua usiku kucha watu wawili, au tungeomba lile gari jeupe, na leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Ijumaa asubuhi nikaendesha mwenyewe. Mama Nyangeta akakaa mbele pamoja nami, jeneza nyuma, Marwa na wanaume wengine wamekaa nalo wanaimba, na magari mengine matatu na pikipiki kadhaa yanatufuata. Pale mochwari kila mtu alikuwa ameisifu pikapu. Tukatoka Musoma vizuri. Sasa wote mnajua dereva anakaa kulia, na ubavu nilioutengeneza ni wa kulia, kwa hiyo kioo changu cha pembeni kilikuwa kinaniletea kazi yangu, inang'aa na jua la saa tano, na mimi naitazama kuliko barabara.

Kabla ya kufika Makutano nikaona lengelenge. Dogo, kama la mtu aliyeungua chai. Nikasema ni kioo. Nikakifuta. Lengelenge likabaki, na chini yake lingine, kisha yakaungana. Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa yanachemka yanatafuta pa kutokea, na mimi nimeshika usukani, mke wa marehemu pembeni yangu anasali rozari, na mume wake nyuma kwenye gari linalovimba. Sijawahi kusali vile. Nilisali kwa ajili ya puti.

Makutano nikasimama, nikasema naangalia tairi. Nikagusa lile lengelenge, likabonyea, rangi ikanata kidoleni kwa sababu ile mikono mitatu minene ilikuwa haijakauka. Nikarudi dirishani nikamwambia Mama Nyangeta, "Mama, naomba kitenge chako tufunike ubavu wa gari. Ni heshima kwa mzee tunapokaribia nyumbani." Aliniangalia. Akakitoa begani akanipa. Nikakifunga juu na chini, kikafunika ubavu wote.

Dereva wa gari la nyuma akashuka. "Khanga inafungwa upande gani?"

"Kulia," nikasema.

"Kulia tu?"

"Kulia tu."

Akaenda akawaambia wenzake, na magari yote matatu yakafungwa khanga upande wa kulia, na pikipiki zikafunga leso kwenye kioo cha kulia, na msafara mzima ukaingia njia ya Butiama kwa heshima niliyoitunga mimi kuficha lengelenge. (Mwaka uliofuata niliona msafara wa msiba wa watu nisiowajua unapita na khanga kulia. Niligeukia ukutani.)

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwetu ilikuwa imebaki ile ya vumbi inayoingia nyumbani kwa Magesa, mashimo na mawe. Kila tukiruka nasikia kitu ubavuni kinagonga, tok, tok. Tukafika. Watu wamejaa uwanjani, kaburi limechimbwa kando ya nyumba, katekista amevaa kanzu yake nyeupe. Mzee Wambura akaletwa ameshikwa mkono mpaka kwenye pikapu, akagusa kile kitenge, akasema kwa sauti, "Toeni hiki kitambaa. Magesa alilisubiri gari hili lipakwe. Watu walione kwanza, ndipo tumshushe."

Nikasema, "Baba mkubwa, labda tumshushe kwanza..." Hakuna aliyenisikia, au walisikia wakafikiri naona haya kusifiwa.

Akina mama wawili wakashika kitenge wakavuta. Hakikutoka. Kilikuwa kimegandana na rangi. Wakavuta kwa nguvu, na hapo nikasikia sauti ambayo naisikia mpaka leo nikiwa nimelala, sauti ya kigae kinachoachia ukuta, na puti yote, ubavu mzima, ikatoka na kitenge ikaanguka chini mbele ya miguu ya katekista, ikapasuka vipande. Kwa ndani ilikuwa mbichi. Maji yalikuwa yanachirizika kwenye bati, maji yangu ya Jumanne, yenye rangi ya kutu, yanadondokea kwenye kanzu ya katekista.

Waliokuwa wanaimba wakanyamaza. Na pale kwenye bati, lililokuwa na kutu mpya ya njano, yakatokea maandishi yangu, makubwa kama ya duka.

Mzee Wambura akasogeza uso karibu, akakunja macho. "Kuna maandishi hapa. Yanasemaje? Nani anisomee?"

Basi Marwa, aliyekuwa bado amekaa juu na jeneza, akashuka polepole akasoma, maana mzee ameuliza na hakuna namna.

"Kazi ya Masatu. Mwanafunzi wa Magesa."

"Magesa yupi?" akauliza yule mzee.

Marwa akainama. "Huyu tunayemzika, baba."

Nawaambieni kweli, nimewahi kuibiwa, nimewahi kupigwa, nimewahi kufukuzwa ukweni, sijawahi kuona aibu kama ile. Si ya kwangu peke yangu. Ya kwangu ningeibeba. Nilimvua nguo mwalimu wangu mbele ya kijiji cha kwao, mbele ya watu waliokuwa wakiambiwa miaka yote kwamba Magesa wa Musoma ni fundi, na yeye yumo ndani ya sanduku, hawezi hata kuguna.

Nilikuwa nimepangwa kuwa miongoni mwa sita watakaobeba jeneza. Niliposogea, Marwa alikuwa ameshashika mahali pangu. Hakunisukuma. Aliniambia tu, "Kaa, Masatu," na nikakaa. Nikaokota vipande vya puti watu wasije wakavikanyaga, ndiyo kazi niliyofanya kwenye mazishi ya mtu aliyenifundisha kazi.

Baada ya kuzika, watu wakiwa wanakula, nikamwendea Mama Nyangeta nikapiga magoti. Nikasema, mama nisamehe, nipe siku nne, naipiga kavu kuanzia bati, naipaka upya. Alikuwa ameshika kile kitenge chake, kimekakamaa kwa rangi ya kijani na vipande vya puti, anabandua kimoja kimoja kwa kucha.

"Ulipiga maji," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini? Alikuwaga hakuambii?"

"Vumbi lilikuwa linawaingia watu kwenye chakula. Na wewe... lilikuwa limekujaa kichwani. Nikaona haya."

Akabandua kipande kingine.

"Masatu, mimi nimekula vumbi la puti miaka ishirini na nane. Kwenye ugali, kwenye chai, kwenye shuka. Watoto wangu nimewanyonyesha nalo. Jumanne nilikuwa nakuangalia nikasema, afadhali, hili la mwisho nalipata." Sauti yake ikakatika. "Ukaninyima kwa maji yako."

Nikaokota vile vipande alivyokuwa amebandua.

"Na gari usiguse," akasema. "Liache hapa hapa."

Nikarudi Musoma kwa pikipiki. Sasa ninafanya kazi zangu, na sitii tone la maji kwenye puti wala kwenye bati lililo wazi, hata pakiwa na msiba, hata pakiwa na harusi, hata askofu akiwa amekaa pembeni anakunywa soda, nitamwomba asogee, na asiposogea atalila vumbi, nami nitamwomba radhi baadaye. Mtu akinisifu kwa ukali huo namwambia asinisifu.

Ile pikapu bado iko Butiama, kando ya kaburi. Kila mwaka nikienda kwenye ibada ya kumbukumbu naomba ruhusa ya kuitengeneza, na Mama Nyangeta anasema, "Bado." Safari ya mwisho nilikwenda kuiangalia kwa karibu. Kutu imekula ubavu wote. Mstari wa chini umefunikwa, MAGESA haisomeki tena hata ukipapasa kwa kidole. Ule wa juu, wenye jina langu, unasomeka kutoka barabarani, kwa sababu pale ndipo nilipoukandamiza msumari.